Shure Beta 52A kwenye kiki ya kwaya: miezi minane ya kuitafutia pa kukaa

Kiki ninayoizungumzia ni ya drams, siyo ile ya wasanii kutafuta kuandikwa mitandaoni. Lile dramu kubwa la chini linalopigwa kwa mguu ndilo limeninyima usingizi tangu nianze kurekodi kwaya hapa Mwanza. Waimbaji wa Igoma na Mabatini wana sauti za kukutoa machozi, wapiga kinanda wapo wa kumwaga, lakini ukifika nyumbani ukaiweka kazi kwenye sabufa, kiki inalia kama mtu anagonga boksi la sabuni.

Hii Beta 52A, maiki ya Shure ya kurekodia kiki, ni ya pili kuinunua. Ya kwanza ilikuwa feki. Nilipigwa laki mbili na themanini kwenye duka moja la mjini, sitalitaja, na ilikuja na kila kitu: boksi, nembo, hata kimfuko. Kilichonishtua ni mkono. Maiki halisi ina uzito wa kama gramu 600, na hii niliishika kama nimeshika bilauri ya plastiki. Nikashuka nayo Mwaloni, Kirumba, kwa mama mmoja muuza dagaa mwenye mzani wa kidijitali.

"Shikamoo mama. Naomba unipimie hii."

"Marahaba. Na hiyo nayo inaliwa?"

Mzani ukasoma gramu 390. Akaniangalia kwa huruma: "Mwanangu, hata dagaa wakikauka wanapungua, lakini siyo hivi."

Ya sasa niliinunua kwa prodyuza mmoja wa Dar, imetumika, laki nne. Ilikuja kwa basi, nikaipokea stendi ya Nyegezi ikiwa imeviringishwa ndani ya fulana tatu. Kabla ya kumtumia hela iliyobaki niliirudisha kwa mama yule yule. Ikapita.

Ni maiki ya dainamiki, haihitaji umeme wa kutoka kwenye mikisa (mashine ya kuchanganyia sauti), na kiwandani wameipa uwezo wa kuhimili desibeli 174, kelele ambayo hakuna mpiga drams wa kanisani atakayeifikia, hata siku ya mkesha. Shingo yake imeunganishwa na kishikio cha stendi pamoja na tundu la waya, kwa hiyo hakuna klipu ya kupotea. Huo uzito nao una gharama yake. Stendi ya bei poa inainama taratibu katikati ya wimbo kama mzee anayesinzia ibadani, na ukija kushtuka maiki imelala juu ya blanketi lililo ndani ya dramu. Tafuta stendi fupi yenye kitako kizito. Usibishane na hili.

Sasa mahali pa kuiweka. Hapa ndipo miezi minane ilipokwendea.

Drams za kwanza nilizozirekodi nayo, pale Mabatini, zina kiki ya inchi 22 na ngozi ya mbele ilikuwa haina tundu la kupitishia maiki. Katibu wa kwaya akanisimamia: "Mtumishi, hapo pameandikwa jina la kwaya, usipatoboe." Siku ile tuliivua ngozi nzima. Baada ya vikao viwili wakakubali tundu la inchi tano pembeni, chini ya maandishi. Ndani nikakunja blanketi kuukuu la bweni, liguse ngozi zote mbili kidogo tu. Ukilijaza sana, dramu inakufa.

Nikaanza karibu: sentimita tano hadi saba kutoka ngozi inayopigwa, pembeni kidogo ya pale kirungu cha pedali kinapotua. Mlio ukaja mkali, "tak", na tumbo kubwa, yaani besi, nyuma yake. Huo mkali siyo bahati mbaya, maiki hii imetengenezwa ikiwa na kilima, yaani inapandisha sauti, kwenye eneo kali la Hz 4,000. Unajua kwa nini nakipenda hicho kilima? Kwa sababu watu wangu wanasikilizia simu. Spika ya simu haiwezi kukuletea besi ya Hz 60, utakachobaki nacho ni ule ukali wa pigo, na sikio linajijazia lililobaki. Kwa mpigaji mwenye kirungu cha sufi, hapo ndipo mahali pake. Lakini mpigaji wa Igoma anatumia kirungu cha plastiki ngumu, na kwake ilikuwa kama mwenye nyumba amekuja kudai kodi.

Kwa huyo nikarudi nyuma, sentimita 25, maiki ikikitazama kirungu moja kwa moja. Ukali ukapungua, tumbo likakaa sawa, na kwenye sabufa nikasikia kwa mara ya kwanza kitu cha kuitwa kiki. Leo nikiingia kanisa nisilolijua naanzia hapo.

Mahali pabaya kuliko pote ni katikati kabisa ya tundu, nusu ndani nusu nje. Kila pigo linasukuma upepo kupitia pale, na upepo huo unapiga "puf" ambayo hakuna ikwalaiza itakayoifuta. Kama huwezi kuingia ndani zaidi, sogea ubavuni mwa tundu. Nje kabisa, sentimita 30 mbele ya ngozi, unapata mvumo mnene wa zamani, ila matoazi na waimbaji wanakuja nao bila kualikwa. Na kwa wanaorekodi huku ibada inaendelea: maiki hii inasikia mbele, inakuwa kiziwi ubavuni kuelekea nyuma, halafu mgongoni kabisa inafungua tena sikio dogo. Spika ya kujisikilizia isikae mgongoni mwake moja kwa moja.

Nikiwa na nafasi ya pili kwenye intafesi (kifaa cha kuingizia maiki kwenye kompyuta) naongeza maiki nyingine, SM57, upande wa pedali, ikiitazama ngozi pale kirungu kinapogonga. Mara ya kwanza nilipozifungua zote mbili kiki ilinyauka, nikalaumu waya. Kumbe ngozi ikipigwa inaiendea maiki ya ndani na kuikimbia ile ya nje, moja inasukumwa wakati nyingine inavutwa, zinafutana. Bonyeza kitufe chenye duara lililokatwa mstari kwenye chaneli ya mojawapo. Tumbo linarudi hapo hapo.

Mwezi wa sita niliipeleka Kisesa, kwa kikundi cha bugobogobo, wale wanaocheza na majembe. Kwa ngoma yao kubwa ya ngozi ya ng'ombe nilitegemea makubwa na nikapata nusu. Mvumo ulikuwa wa kutikisa kifua, lakini kile kilima nilichokisifu kiligeuka kero: fimbo ikasikika kuliko ngoma. Niliipindisha maiki ikaitazama ngozi kwa mshazari na kuisogeza mbali, kama sentimita 40, ndipo ikatulia. Mzee kiongozi wa kikundi akasikiliza kwa hedifoni, akasema, "Sasa ni yenyewe, mwanzo ulirekodi mti." Kwa ngoma za asili pekee nisingeinunua hii.

Wanaouliza kuhusu maiki nyingine za kiki, kama AKG D112, ile yenye umbo la yai: niliazima moja wiki mbili. Ina kifua zaidi na makeke kidogo, na kwa mziki wa bendi pengine ningeichagua. Audix D6 inakupa mlio ambao tayari umechongwa, katikati imetolewa, uupende au uuache. Beta 91A ya kulaza juu ya blanketi inataka umeme kutoka kwenye mikisa, na mikisa za makanisa mengi ninayozunguka sizitegemei kwa hilo.

Kwangu 52A inapata nyota nne. Ya tano naizuia kwa sababu ya Kisesa, na kwa sababu ya mgongo wangu unaoibeba na stendi yake kwenye bodaboda kupanda miinuko ya Mabatini.

Kwenye mkono wa stendi nimefunga utepe mwekundu kwenye sentimita 25 na wa njano kwenye sita, ili nisianze upya kila Jumamosi. Anayetaka kuiazima aje na stendi yake. Na tutaipima inapotoka, tutaipima inaporudi.