Baa ya kijijini Mufindi: kitimoto cha mkaa wa miwati, ulanzi, na mizani iliyokaa nyuma ya pazia

Kwa miaka mitatu sasa kazi yangu ya kusimamia usafirishaji wa mbao hunipeleka Mafinga karibu kila mwezi, na katika safari hizo nimekula mara nyingi kwenye baa moja ya kijijini, iliyo pembeni mwa barabara ya vumbi inayotoka Mafinga kuelekea mashamba ya chai. Jina lake sitalitaja, kwa kuwa kasoro nitakazozieleza nimekwisha kuzisema ana kwa ana kwa mama mwenye baa, naye alinisikiliza. Ninaandika kwa ajili ya mtu anayepita njia ile kwa mara ya kwanza, mwenye njaa, ambaye hajui aagize nini, asubiri kwa muda gani na aangalie nini kabla ya kulipa.

Mahali penyewe ni nyumba ya matofali ya kuchoma yenye ukumbi mdogo, kaunta, na bucha ya dirisha moja. Nje kuna vibanda vinne vya nyasi, na nyuma ya vibanda unaanza msitu wa misindano. Mufindi ni nchi ya baridi. Mwezi wa Juni na Julai ukungu hushuka mapema, na mgeni aliyetoka Dar es Salaam na shati la mikono mifupi huanza kutetemeka kabla hajaketi. Jambo la kwanza lililonifanya niipende baa hii lilitokea jioni ya namna hiyo: kabla sijaulizwa ninakunywa nini, mhudumu, binti wa makamo, alileta jiko dogo la mkaa uliokwisha kukolea akaliweka katikati ya kibanda, akaniambia, "Kamwene, baba. Ota moto kwanza, halafu tutaongea habari ya chakula." Maji ya kunawa nayo yaliletwa ya moto, katika jagi lenye mfuniko, na alinimiminia taratibu hadi sabuni yote ikatoka. Swali la "ya baridi au ya moto?", ambalo katika baa za Pwani huulizwa kwa mazoea tu, huku lina maana yake, kwani wateja wengi wa jioni huagiza bia isiyopita kwenye friji kabisa.

Kitimoto, yaani nyama ya nguruwe, ndicho kinachowaleta watu hapa, na ninasema bila kusita kwamba sijala kizuri kuliko hiki kati ya Iringa na Uyole. Sababu niliielewa baada ya kusimama jikoni kwa muda mrefu. Kaka anayechoma hatumii kuni za misindano, ingawa zimemzunguka pande zote na karibu hazina gharama, kwa sababu utomvu wake hutoa moshi mweusi unaoiachia nyama ladha chungu. Anatumia mkaa wa miti ya miwati, ambao ni mzito, hudumu na hauna moshi mwingi. Nyama huikata vipande vikubwa vyenye ngozi, akaitia chumvi na ndimu, kisha akaiweka kwenye sufuria yenye maji kidogo na kuifunika mpaka maji yakauke na mafuta yake yenyewe yaanze kulia. Hapo ndipo huihamishia kwenye wavu. Upande wa ngozi huutazamisha chini mwishoni kabisa, akiupepea mkaa kwa kipande cha boksi, na ngozi huanza kuvimba vijipele vidogo vidogo ambavyo hupasuka na kugeuka rangi ya asali. Huja mezani juu ya ubao, imekatwakatwa, pamoja na chumvi pembeni, pilipili mbichi, ndizi za kuchoma na kachumbari yenye vitunguu vilivyooshwa kwa chumvi ili ukali upungue. Nyama ile inaliwa ikiwa ya moto. Kwa baridi ya Mufindi mafuta huganda haraka, kwa hiyo ni afadhali kuagiza nusu kilo mara mbili kuliko kilo nzima kwa mara moja.

Ni kwa sababu chakula chao ni kizuri kiasi hicho ndiyo maana yaliyonipata mwezi wa nane mwaka jana yaliniuma. Ilikuwa Jumamosi, watu walikuwa wengi, na kaka niliyemzoea hakuwepo jikoni. Niliagiza kilo moja kwa ajili yangu na wenzangu wawili, nikaambiwa ni nusu saa. Baada ya dakika arobaini niliuliza, nikajibiwa, "Inakuja sasa hivi." Baada ya saa moja nikajibiwa vivyo hivyo na kijana mwingine ambaye, nilivyokuja kugundua, hakuwa hata amekwenda jikoni kuangalia. Nyama ilifika baada ya saa moja na nusu, nyeusi kwa nje, na nilipokitenganisha kipande kimoja na mfupa nikakuta ndani ni ya pinki na bado inatoa maji mekundu.

Naomba nieleweke kwamba huku si kudeka. Nyama ya nguruwe isiyoiva vizuri inaweza kumwambukiza mtu minyoo aina ya tegu, na mayai ya tegu huyo yakiingia tumboni mwa binadamu kupitia mikono au maji machafu, huweza kuanguliwa na kutengeneza vifuko hadi kwenye ubongo na kusababisha kifafa. Ugonjwa huu upo katika nyanda zetu za juu kusini, ambako nguruwe wengi hufugwa na baadhi yao huachwa wazurure. Ndiyo maana mlaji ana haki ya kudai mambo mawili: aone mhuri wa mkaguzi wa nyama kwenye paja lililoning'inizwa buchani, na apelekewe nyama iliyoiva hadi mfupani. Katika baa hii mhuri nimeuona kila mara nilipoutafuta. Siku ile kilichokosekana ni la pili, na kijana aliyetuhudumia aliponiambia, "Mzee, ndivyo inavyoliwa," nilikataa, nikairudisha sahani jikoni mimi mwenyewe.

Hapo jikoni ndipo nilipoona jambo la mizani. Kwa kawaida nyama hupimwa kwenye dirisha la bucha, mbele ya mteja. Siku ile ilikuwa inapimwa ndani, nyuma ya pazia, kwenye mizani ya kuning'iniza ambayo mshale wake, kabla haijawekwa kitu chochote, ulikuwa umekwisha kusogea mbele ya sifuri. Ninajua vizuri kwamba kilo ya nyama mbichi haibaki kilo baada ya kuchomwa, kwani maji na mafuta hupotea motoni. Anayelalamika kwamba ubao wake una uzito mdogo kuliko alivyoagiza hana budi kulikumbuka hilo. Lakini mshale unaoanzia mbele ya sifuri hauna uhusiano wowote na moto, na hasara yake humwangukia mteja kila mara, bila yeye kujua.

Nilimwomba mama mwenye baa aje aone. Alikuja akiwa amejifunga khanga kiunoni, akautazama mshale, akakaa kimya kidogo, kisha akaagiza nyama yetu irudishwe motoni na kipande kingine kipimwe kwenye mizani ya dirishani. Hakunibishia wala hakutafuta wa kumsingizia. Bili ilipoletwa, bei ya nyama ilikuwa imepunguzwa nusu bila mimi kuomba, na aliniambia maneno ambayo nimeyashika: "Baba, ungeondoka kimya ungeniumiza zaidi." Niliporudi mwezi wa kumi mizani ile ya ndani haikuwepo tena, pazia limeondolewa, na yule kaka wa zamani alikuwa amerudi kwenye wavu. Hata hivyo, shauri langu kwa kila mgeni ni kwamba asimame dirishani nyama yake ikipimwa, na autazame mshale kabla nyama haijawekwa. Hakuna atakayekuona mtu mbaya. Wenyeji wenyewe hufanya hivyo.

Ulanzi, pombe ya utomvu wa mianzi, ni habari nyingine, na una msimu wake. Hupatikana wakati wa mvua, kuanzia mwezi wa kumi na mbili hivi hadi Aprili au mapema Mei, machipukizi ya mianzi yanapoota. Mgemaji hukata ncha ya chipukizi, akalitegea chombo, kisha akarudi asubuhi na jioni kuvuna na kukata upya ili utomvu uendelee kutiririka. Uliovunwa siku hiyohiyo ni mtogwa, mtamu, na mtu asiyezoea huunywa kama juisi. Ukilala unakuwa mkangafu, mkali na mkavu, nao hauna utani. Baa hii huuza aina zote mbili, kwenye vikombe vya plastiki vya lita moja, na kinachonipendeza ni kwamba mhudumu humwambia mteja umevunwa lini kabla hajauliza. Mwezi Machi niliwahi kuomba wa kubeba, akanijazia chupa na kuufunga mfuniko kwa kuulegeza, huku akinionya nisiukaze, kwa sababu ulanzi huendelea kuchacha safarini na gesi yake hupasua chupa iliyozibwa. Mwenzangu mmoja aliyeupuuza ushauri huo alilipa gharama ya kusafishiwa viti vya gari alipofika Makambako.

Tendo la huduma ninalolikumbuka kuliko yote, hata hivyo, halikuhusu nyama wala ulanzi. Nilifika na dereva ambaye ni Mwislamu, aliyekuwa hajala tangu alfajiri, naye akauliza kama anaweza kupata kuku wa kuchoma. Yule binti aliyeniletea moto siku ya kwanza angeweza kusema ndiyo na kuuza kuku wake, maana kuku walikuwepo. Akamjibu, "Kaka, sitakudanganya. Wavu wetu ni mmoja, na visu ni hivyohivyo vya kitimoto. Nikuchemshie mayai kwenye sufuria ya chai, ambayo haiingii nyama kabisa, au nikuelekeze kwa jirani anayepika wali maharage." Dereva alichagua mayai manne na chai ya maziwa, na tangu siku hiyo, tukikaribia njia panda, ni yeye anayeniuliza kama tutasimama.

Vyakula vingine nitavitaja kwa kifupi. Ugali wao ni wa sembe, mgumu inavyotakiwa, na mboga ya majani huchumwa bustanini nyuma ya jiko. Chipsi sizipendekezi: viazi vya huku ni vizuri sana, lakini mafuta yao hurudiwa mara nyingi mno hadi yanakuwa na harufu. Kuku wa kienyeji ni mtamu, ila anachinjwa baada ya kuagizwa, na anayemtaka ajue kwamba saa moja na nusu kwa kuku wa namna hiyo ni muda wa haki. Choo ni cha shimo, kinafagiliwa, na maji ya kunawia huwepo. Malipo hupokelewa kwa fedha taslimu au kwa simu, lakini mtandao husumbua mvua ikinyesha, kwa hiyo ni vyema kuwa na noti mfukoni.

Mara ya mwisho nilipita wiki mbili zilizopita, saa sita mchana, wakati ambao sasa najua ndio mzuri zaidi, kwani mkaa umekwisha kukolea na wateja bado hawajajaa. Niliuliza nusu kilo itachukua muda gani. Kaka wa jikoni aligeuza kipande kimoja kwenye wavu, akakibonyeza kwa ncha ya kisu, akasema dakika hamsini. Ilifika ikiwa imepita dakika hamsini na tano, imeiva hadi mfupani.