Platinum 3776 Century: nibu ya dhahabu inayokwaruza kidogo, na mimi napenda hivyo

Hii ni kalamu ya wino ya Kijapani. Jina 3776 ni urefu wa Mlima Fuji kwa mita, nibu yenyewe, yaani kile kipande cha mbele cha kuandikia, ni dhahabu ya karati 14. Ila ile ncha inayogusa karatasi sio dhahabu jamani, ni kipunje cha metali ngumu kimechomelewa pale mbele, dhahabu ingelika haraka. Sasa kwenye kuchagua saizi ndo watu wanakosea, F (fine, mstari mwembamba) ya Mjapani ni nyembamba kuliko F ya Mzungu, karibu na EF (extra fine, nyembamba zaidi) yao, so kama umezoea kalamu za Ulaya chukua M (medium, ya kati) tu usijitese. Ukiandika unasikia kakwaruzo fulani hivi kama penseli, wengine hawakataki kabisa wanataka iteleze, mi naona kananisaidia mwandiko usikimbie. Usiikandamize lakini! Nibu hii ni ngumu kiasi, haijatengenezwa kwa kunesanesa, ukilazimisha yale meno mawili ya nibu yanaachana na hapo ushaharibu. Kifuniko kina spring ndani kinaziba vizuri, unaiacha wiki kadhaa unaifungua inaandika palepale. Konvata yake, kile kitenki cha ndani cha kuvutia wino, ndogo tu, kama unaandika sana utajaza wino kila saa.