Pyglotaran kwa data za femtosekunde: uzoefu wangu

Kazi nzito ya vipimo vya leza ya femtosekunde (sehemu moja ya milioni bilioni ya sekunde) huanza leza ikishazimwa. Katika vipimo hivi mpigo mmoja wa leza huisisimua sampuli, na mpigo mwingine wa mwanga mweupe huipima muda mfupi baadaye. Ukirudi mezani una jedwali kubwa: upande mmoja nyakati, upande mwingine urefu wa mawimbi, na katika kila kisanduku badiliko dogo sana la ufyonzaji wa mwanga. Mimi hushughulika na beta-karotini, mojawapo ya rangi zinazoyapa mawese wekundu wake, na uchambuzi naufanya kwa Pyglotaran. Ni programu huria ya Python, mrithi wa Glotaran ya Java iliyotoka Vrije Universiteit Amsterdam na kuchapishiwa makala mwaka 2012.

Kwanza niseme inafanya nini. Ukichambua kila urefu wa wimbi peke yake, kila mkunjo hukupa muda wake, na hujui uamini upi. Pyglotaran hulichukua jedwali zima kwa mara moja. Vigezo vya muda ni vilevile kwa mawimbi yote, na spektra (jinsi ufyonzaji unavyobadilika kutoka rangi hadi rangi) zinakokotolewa kwa aljebra ya kawaida katika kila hatua ya utafutaji. Mbinu hiyo Golub na Pereyra waliichapisha mwaka 1973. Kwa sababu yake programu inatafuta namba chache tu badala ya maelfu, na kompyuta mpakato ya kawaida inatosha.

Sifa ninayoithamini kuliko zote ni jinsi inavyoshughulikia sifuri ya muda, yaani wakati mipigo yote miwili inapofika pamoja kwenye sampuli. Mwanga mweupe tunaopimia ukipita kwenye kioo, nyekundu hutangulia na bluu huchelewa, kwa hiyo kila rangi ina sifuri yake. Kwenye beta-karotini hilo lina uzito mkubwa, kwa kuwa hali yake ya msisimko iitwayo S2 huisha ndani ya femtosekunde zisizofika 200, na katika femtosekunde moja mwanga husafiri mikromita 0.3 tu. Pyglotaran haikulazimishi kuzinyoosha data kabla ya uchambuzi. Unaieleza kwamba kitovu cha mpigo kinahama kwa polinomia kadiri rangi inavyobadilika, nayo inazitafuta namba za polinomia hiyo pamoja na vigezo vingine. Ina pia kijenzi cha ile ishara kali inayozuka mipigo miwili inapokutana ndani ya sampuli, ambayo hata kiyeyusho kitupu huitoa. Ukiiacha ishara hiyo nje ya modeli, muda wako mfupi kabisa utapotoka.

Sasa jambo ambalo kila anayeanza anapaswa kulijua. Chukua vijenzi vitatu, yaani hali tatu ambazo kila moja ina muda wake wa kufifia. Viweke vifuatane, cha kwanza kikizaa cha pili na cha pili kikizaa cha tatu. Au viweke sambamba, kila kimoja kikififia kivyake. Mabaki ya ulinganishaji, yaani tofauti kati ya data na modeli, yatakuwa yaleyale kabisa! Kinachobadilika ni spektra na maana yake. Programu haiwezi kukuchagulia, wala haidai kuweza. Kwa beta-karotini mfuatano una mantiki: S2 inashuka kwenye S1, hali ya msisimko iliyo chini yake, ikiwa bado moto, S1 inapoa, kisha inarudi chini kwa pikosekunde 9 hadi 10 hivi (pikosekunde moja ni femtosekunde elfu). Lakini kwenye karotenoidi ndefu (karotenoidi ni jamii ya rangi ambamo beta-karotini imo) kuna ishara iitwayo S*, na wataalamu wamebishana kwa miaka kama hiyo ni hali ya msisimko inayojitegemea au ni hali ya chini iliyopashwa joto. Katika Pyglotaran unaziandika dhana zote mbili waziwazi, njia kwa njia, na mwenzako anaweza kuifungua faili na kuona ulichodhani. Uwazi huo ndio unaonifanya nibaki nayo.

Ugumu upo. Haina madirisha ya kubofya kama ile ya Java: modeli unaiandika kwenye faili ya YAML (faili ya maandishi ya kupangia mipangilio), unaendesha kila kitu kwa Python, na nafasi moja iliyokaa vibaya mwanzoni mwa mstari inatosha kukwamisha faili nzima. Kwa mwanafunzi ambaye hajawahi kuandika msimbo, wiki za mwanzo zitakuwa ngumu, na ningependa sana kuona mafunzo mengi zaidi kwa wasomaji wa namna hiyo.

Anayetaka kujaribu aanze na mifano iliyowekwa pamoja kwa jina la pyglotaran-examples, abadilishe kitu kimoja kimoja na aone matokeo. Halafu apime kiyeyusho kitupu kwenye mtambo wake mwenyewe, apate upana wa mpigo na namba za kuhama kwa sifuri, na aanzie na hizo anapoingia kwenye sampuli halisi. Na kila baada ya ulinganishaji, aangalie mabaki kabla ya kuangalia spektra: ikiwa bado yana umbo kwenye pikosekunde za mwanzo, modeli haijakamilika.