Mwaka na nusu wa sola Lurambi: upande wa paa ulinigharimu

Kila mgeni anayeingia kwangu na kuinua macho juu ya paa huuliza swali lile lile: "Kwa hii mvua ya Kakamega, hivyo vioo vinakusaidia kweli?" Simlaumu. Hapa Lurambi mvua ya saa tisa mchana ni kama mtu wa nyumbani, haibishi hodi.

Kilichonisukuma ni ile Ijumaa ya Agosti 25, 2023, usiku ambao karibu nchi nzima iliingia gizani. Mama watoto huuza maziwa lala na yogati, na friji zetu mbili zilikuwa zimejaa. Maziwa lala yana uvumilivu wake. Yogati haina. Nilianza kuweka pesa kando wiki iliyofuata, na Februari 2024 mafundi wakapanda juu ya mabati.

Nilichonunua: paneli 4 za wati 550 kwa shilingi 64,000, inveta (kifaa kinachogeuza umeme wa paneli na betri uwe wa kutumika nyumbani) ya kilowati 3.6 kwa 78,000, na betri ya lithiamu ya yuniti 5 za umeme kwa 125,000. Nyaya, reli, breka na waya wa ardhini vilikula 31,000, ufundi 20,000. Jumla 318,000. Betri za gari zingekuwa nafuu, lakini hizo ukizishusha chini ya nusu mara kwa mara zinakufa mapema, na mimi nilikuwa nimeshazika mbili.

Miezi minne ya kwanza nilijuta, tena kimya kimya kwa sababu nilikuwa nimejigamba. Zamani nilikuwa nikinunua tokeni za karibu 5,000 kwa mwezi. Sasa nilitumia 2,600. Nikipiga hesabu, pesa yangu ingerudi baada ya miaka 11, na betri yenyewe dhamana yake ni miaka 10.

Nikamwita fundi mwingine, mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya kudhibiti nishati nchini, ya daraja la T3, lile la juu kwa mafundi wa sola. Hakufungua hata begi. Alisimama uani, akatazama paa, akatazama mawingu yaliyokuwa yanakusanyika, akaniuliza, "Mzee, nani aliweka paneli upande huu?" Paa langu lina migongo miwili, mmoja unatazama mashariki, mwingine magharibi. Fundi wa kwanza alizifunga magharibi. Nadhani ni kwa sababu ngazi ilikuwa imesimama huko.

Nilikuwa nimesoma mtandaoni kwamba paneli hutazamishwa kusini au kaskazini. Hayo ni ya nchi zilizo mbali na ikweta. Kakamega iko karibu kabisa na mstari, jua linapita utosini, na kwetu kinachoamua ni saa ngapi anga iko wazi. Anga yetu huwa wazi asubuhi. Ikifika saa nane mawingu yameshafunga, kwa hiyo paneli zangu zilikuwa zinangoja jua la jioni ambalo miezi mingi halifiki. Kuzihamisha zote nne hadi upande wa mashariki kulinigharimu 9,000. Asubuhi ya kwanza isiyo na wingu nilitazama simu, inayonionyesha umeme wa paneli: saa tatu, mahali nilipozoea kuona wati 700, palikuwa na karibu 1,300. Nilimwita mama watoto aje aone. Alikuja, akaona, akarudi jikoni.

Fundi alirekebisha na jambo lingine dogo. Inveta ilikuwa imepangwa iache betri ikifika asilimia 50 na kurudi kwenye stima. Sasa inashuka hadi 20, kiwango ambacho lithiamu inakivumilia bila shida.

Lililobaki lilikuwa letu wenyewe. Tulikuwa tunapiga pasi usiku na kusukuma maji tenkini jioni, huku saa sita mchana betri imeshajaa na jua linamwagika bure. Sheria ya Nishati ya 2019 inaruhusu mwenye sola kurudisha ziada kwenye gridi, lakini mfumo wangu haukufungwa hivyo. Siku hizi pampu inawashwa saa tatu asubuhi, pasi inafuata, na maziwa mapya yanaingia kwenye friji kabla ya adhuhuri. Shawa ya maji moto niliiacha kwenye stima, maana inavuta kilowati 5 na inveta yangu haiiwezi. Hiyo ndiyo inayokula tokeni zilizobaki, takriban 1,300 kwa mwezi. Ninaokoa 3,700 hivi, na miaka 11 imekuwa 7 na kidogo. Nyumba ya mtu mmoja mwenye televisheni na taa nne haitapata hesabu hii kamwe. Huyo anunue taa ndogo za sola, pesa nyingine aifanyie kazi.

Siku za mvua? Siku nzuri napata yuniti 7 hadi 8. Siku ya wingu zito tangu alfajiri, 2 na nusu, na hapo stima inasaidia. Mvua yenyewe inaosha paneli vizuri. Adui ni Januari, vumbi na mavi ya ndege. Kitambaa, maji baridi, saa kumi na mbili asubuhi kabla kioo hakijapata moto.

Radi ndiyo ya kuogopa huku kwetu. Aprili mwaka huu ilipiga karibu, nyumba ikatetemeka. Kwenye sanduku la breka kuna kifaa cha kuzuia mshtuko wa radi chenye kidirisha cha kijani. Asubuhi nilikikuta chekundu. Kilikufa, inveta ikabaki hai. Kipya nilinunua kwa 2,800. Fundi wa kwanza alitaka kukiruka kifaa hicho ili kupunguza gharama, nikakataa, na kwa hilo peke yake sijuti.

Kuna kero moja ambayo haijaisha. Mparachichi wa mama yangu unarefuka upande wa mashariki, na tangu Juni kivuli cha tawi moja kinaigusa paneli ya pembeni hadi saa mbili na nusu. Paneli zimeungwa mfululizo, kwa hiyo hata kivuli kidogo kinaweza kuziumiza zote nne. Nilimwomba ruhusa ya kukata tawi. Aliniuliza kama hivyo vioo vinazaa parachichi.