Fomu ya mkataba wa pango inayouzwa stesheneri: inunue, ila usiisaini ilivyo

Fomu hii iko karibu kila stesheneri ya Dar es Salaam: karatasi moja au mbili, kichwa MKATABA WA KUPANGA NYUMBA/CHUMBA, na nukta za kujazia. Kwa chumba na sebule inafaa kuanzia. Ina majina ya pande mbili, mahali nyumba ilipo, muda, notisi na mashahidi. Udhaifu wake uko kwenye kodi yenyewe, ambayo imepewa mstari mmoja tu huku makatazo ya mpangaji yakijaza ukurasa.

Anza na muda. Fomu inauliza "miezi ......", watu wanaandika "sita" na kuendelea. Ugomvi mwingi unaanzia hapo. Mpangaji amelipa tarehe 12 Februari, fundi rangi akachelewa, ufunguo ukatolewa tarehe 1 Machi. Mwenye nyumba anahesabu tangu alipopokea pesa, mpangaji tangu alipoingia. Andika tarehe kamili: kuanzia 1 Machi hadi 31 Agosti. Chini yake weka hesabu, 250,000 × 6 = 1,500,000, kwa tarakimu na kwa maneno, kisha tarehe ya malipo yanayofuata na siku za kusubiriana mpangaji akichelewa. Hiyo tarehe ya malipo yanayofuata ni muhimu kuliko watu wanavyodhani. Malipo ya kwanza hayana shida kwa sababu bila pesa ufunguo hautoki. Shida huja kwenye kodi ya awamu ya pili.

Njia ya malipo haimo kabisa, na ni kasoro kubwa. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inamtaka mpangaji alipe kodi kwa wakati na kwa namna iliyokubaliwa, basi namna hiyo iandikwe: namba ya simu au akaunti, na jina lililosajiliwa nayo. Kama jina ni la mtoto wa mwenye nyumba au msimamizi, mkataba useme kwamba huyo anapokea kwa niaba ya mwenye nyumba. Pesa ikipitia kwa dalali bila maandishi hayo, mpangaji anaweza kudaiwa mara ya pili na asiwe na la kuonyesha. Risiti itaje kipindi kinacholipiwa, si kiasi peke yake.

Fomu nyingi zina sentensi "kodi ikishalipwa haitarudishwa." Inaeleweka mpangaji akiamua kuhama mwenyewe. Lakini ilivyoandikwa inamlinda hata mwenye nyumba anayeuza nyumba katikati ya mkataba. Ikate kwa kalamu, wote wawili wasaini pembeni, na iandikwe kwamba mwenye nyumba akivunja mkataba atarudisha kodi ya miezi iliyobaki. Miezi miwili ikibaki kwenye mfano wetu, ni shilingi 500,000.

Kuhusu umeme, fomu inasema tu "mpangaji atalipa." Haijui kwamba tangu 2021 kodi ya majengo, ile ya serikali, inakatwa kupitia LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla. Tangu Julai 2023 nyumba ya kawaida hukatwa shilingi 1,500 kwa mwezi, yaani 18,000 kwa mwaka. Huo ni mzigo wa mwenye nyumba, ingawa anayekatwa ni anayenunua umeme. Ongeza kifungu kwamba makato hayo yatapunguzwa kwenye kodi ya pango, na utunze risiti za LUKU. Nyumba ikikaa tupu bila kununuliwa umeme, makato hulimbikizwa na kumwangukia mpangaji mpya anaponunua mara ya kwanza, kwa hiyo nunueni umeme kidogo pamoja siku ya makabidhiano.

Muhuri wa serikali ya mtaa unasaidia kuthibitisha waliosaini, lakini si ushuru wa stempu, yaani malipo ya serikali kwenye hati za mkataba. Ushuru huo ni asilimia 1 ya kodi ya pango ya mwaka: kwa pango la 3,000,000 ni shilingi 30,000, na hulipwa TRA (Mamlaka ya Mapato Tanzania) ndani ya siku 30 baada ya kusaini. Mkataba usiolipiwa stempu haupokelewi kama ushahidi. Fomu haisemi nani analipa, andikeni. Kampuni inayopanga ofisi iangalie pia asilimia 10 ya kodi ya zuio, ambayo mpangaji huikata kwenye pango na kuipeleka TRA, maana fomu haisemi kama kiasi kilichotajwa ni kabla au baada ya makato hayo.

Matoleo mengine yanampa mwenye nyumba ruhusa ya kufunga mlango au kutoa vyombo nje mpangaji akichelewa. Kataa kifungu hicho. Badala yake iandikwe: notisi ya maandishi yenye kiasi kinachodaiwa, kisha usuluhishi Baraza la Kata. Tangu marekebisho ya sheria ya 2021 baraza hilo linasuluhisha tu, halitoi hukumu. Usuluhishi usipofanikiwa ndani ya siku 30, shauri linakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Tengenezeni nakala mbili zenye saini halisi, kila upande na yake.