Gari la dizeli la mtumba: tathmini baada ya miaka miwili na nusu ya kuliendesha Dar es Salaam

Nilinunua gari hili mwaka 2022, likiwa limetengenezwa mwaka 2013 na kutembea kilomita 86,000 huko Japani kabla ya kushushwa bandarini. Naandika kwa ajili ya wanaolitamani gari la dizeli kwa sababu zilezile zilizonivuta mimi: linakula mafuta kidogo, lina nguvu mlimani na ndani limetulia. Sifa hizo ni za kweli. Katika safari za Morogoro, likiwa na abiria watano na mizigo yao, halijanisumbua hata mara moja. Matatizo yangu yote yametokea kati ya Mwenge na Posta, ndani ya jiji.

Ubovu wa kwanza ulijitokeza mwezi wa nne tangu nilinunue, taa ya injini ilipowaka na gari likakosa nguvu kiasi cha kushindwa kuvuka kilomita 40 kwa saa hata nikikanyaga mafuta mpaka mwisho. Gereji ya kwanza ilibadilisha filta ya dizeli na kuifuta taa kwa mashine. Baada ya wiki tatu ikawaka tena. Gereji ya pili ilisema ni nozeli, yaani vinyunyizio vya dizeli ndani ya injini, nikanunua mbili zilizokarabatiwa kwa Sh 450,000 kila moja. Kisha tabo, kifaa kinachosukuma hewa ndani ya injini, ikaanza kupiga mluzi, gereji ya tatu ikanifungia ya mtumba kutoka Kariakoo, nayo ikafa kabla ya miezi mitatu kwisha. Kila fundi alibadilisha kilichokufa, na hakuna aliyeniuliza gari naliendesha wapi.

Swali hilo aliliuliza fundi wa nne. Kabla ya kufungua chochote alichomoa kijiti cha oili, akakifuta, akakirudisha, akakichomoa tena na kunionyesha: oili ilikuwa imepita alama ya juu kwa karibu upana wa kidole, ilhali sikuwa nimeongeza hata tone tangu sevisi ya mwisho. Akaisugua kati ya vidole, akaninusisha. Ilikuwa nyepesi mno, na ilinuka dizeli.

Maelezo yake ndiyo yaliyoniunganishia mambo yote. Kwenye ekzosi kuna chujio la kunasa masizi, ambalo mafundi wengi huliita masega. Likikaribia kujaa, kompyuta ya gari huongeza dizeli ili joto la chujio lifike nyuzi 600 hivi na masizi yaungue, kazi inayohitaji gari litembee kwa mwendo mzuri kwa muda bila kuzimwa. Mimi nilikuwa naanza safari, nakwama kwenye foleni ya Barabara ya Ali Hassan Mwinyi, nafika ofisini na kuzima injini kazi ikiwa katikati, siku baada ya siku. Dizeli isiyoungua huteremka kwenye kuta za silinda na kuchanganyika na oili, na oili iliyokuwa nyepesi hivyo haiwezi kuilinda tabo. Masizi nayo yalikuwa yameziba njia inayorudisha sehemu ya moshi ndani ya injini: tundu la kupitisha vidole viwili lilikuwa limebaki la kupitisha penseli, likiwa na ukoko mweusi mgumu kama lami.

Wengi huilaumu dizeli yetu kwa salfa yake, na kwa muda mrefu nami niliilaumu. Ni kweli kwamba dizeli ya Japani haizidi sehemu 10 za salfa kwa milioni, wakati kiwango cha Jumuiya ya Afrika Mashariki kilichoanza mwaka 2015 kiliruhusu 50. Lakini gari lilelile, likijazwa kituo kilekile, halikuwahi kunisumbua njia ya Morogoro.

Gereji mbili zilinishauri niyatoe masega kabisa. Nilikataa, kwa sababu masizi hayo yangeishia vifuani mwa watoto wanaosubiri daladala kituoni.

Fundi wa nne alisafisha njia zote, akafunga tabo iliyokarabatiwa na kuweka oili inayoacha majivu machache ikiungua, inayolifaa chujio hilo, kwa jumla ya Sh 1,850,000. Sasa nabadilisha oili kila kilomita 5,000, na kila Jumamosi nalipeleka gari Chalinze na kurudi ili lijisafishe. Nimetembea kilomita 11,000 bila taa kuwaka.

Kwa mtu wa safari za mikoani nalipatia gari hili nyota nne. Kwa mtu wa mjini nalipatia mbili, kwani la petroli la ukubwa huohuo lingenigharimu zaidi kwa mafuta lakini lisingenimalizia fedha gereji. Mwezi ujao linahamia kwa dada yangu Dodoma, ambaye kazi yake humpeleka Singida na Iringa kila wiki, na kijiti cha oili nimekwisha kumfundisha kukisoma.