Rola ya mita 200 ya Yonex Poly Tour Pro 125 kwa mchezaji wa M15 Japani

Mjapani anayesaka pointi za orodha ya ubora kwenye M15, mashindano ya ngazi ya chini kabisa ya tenisi ya kulipwa kwa wanaume, kwa kawaida hana fundi wake wa kuwamba raketi, yaani kuifunga nyuzi. Anayetolewa raundi ya kwanza huondoka na dola 156 na pointi sifuri. Bingwa huchukua dola 2,160 na pointi 15. Kwa mapato hayo, nyuzi zinunuliwe kwa rola, si kwa pakiti za mita 12, na hii ya Yonex tunaipa alama ya juu.

Raketi kama EZONE 98 ya Yonex, yenye nyuzi 16 za wima na 19 za kulala, hula kama mita 11.5 ikiwambwa kwa vipande viwili: sita wima, tano na nusu kulala. Rola moja inatoa raketi 17. Ukiwamba mbili kila mechi, unafika mechi nane. Kombe la M15 lenye wachezaji 32 linataka mechi tano.

Uzi wenyewe ni poliesta ya milimita 1.25, laini kuliko poliesta nyingi, na ulaini huo, unaopunguza mshtuko kwenye mkono, ndio unaoiuza. Safari za wachezaji hawa huwa ndefu. Yuichi Sugita alipata taji lake la kwanza la ATP, mzunguko wa juu wa wanaume, mwaka 2017, Antalya, Uturuki, akiwa na miaka 28. Kiwiko lazima kidumu hadi huko.

Ubaya wake ni kulegea. Mkazo wa pauni 50 wa jana jioni si pauni 50 leo asubuhi, maana poliesta hupoteza mkazo zaidi saa za mwanzo. Ongeza pauni mbili, au wamba siku ya mechi. Nyuzi za wima zikisogea bila kurudi mahali pake, na mipira ikaanza kutoka nje kwa pigo lilelile, kata, hata kama hazijakatika. Uzi mfu ndio unaoumiza mkono.

Kwenye viwanja vya nyasi bandia zenye mchanga, vilivyojaa Japani, mambo ni magumu zaidi. Chembe huingia kwenye makutano ya nyuzi na kuyachimba mifereji. Pangusa kwa kitambaa kikavu kila mnapobadilishana upande. Au chukua 130, yaani ya milimita 1.30, ngumu kidogo lakini hudumu.

Unapowamba, pitisha nyuzi za kulala polepole: msuguano huunguza za wima. Na ukifungua rola usiache uzi ukunjike, kwani penye kunyanzi ndipo utakapokatika.